Kuku wa Mahari

Hapa kwangu Matiri kuna mtetea mmoja mwekundu ambaye hachinjwi, hauzwi wala hapewi mgeni, na majirani wakiwauliza wanangu sababu, wanacheka tu na kusema muulizeni mama, na mimi nikiulizwa nasingizia kwamba anataga sana. Hatagi sana. Ukweli ni kwamba kila nikimwona anachakura chini ya mibuni natamani ardhi ipasuke inimeze, na leo nawasimulia kwa mdomo wangu mwenyewe kwa sababu kila mtu kwenye kwaya yetu ana habari yake kuhusu siku ile, na ipo moja inayosema eti nilipigwa. Sikupigwa. Heri ningepigwa, maana kipigo kinapoa.

Nianze na Tekla, kwa sababu bila Tekla hakuna mkasa. Tekla Ngonyani ni Mngoni wa upande wa Songea, mimi Skolastika ni Mmatengo, na tulikutana chuo cha ushonaji tukiwa wasichana, tukapewa cherehani moja watu wawili. Sasa mnamjua Mngoni na Mmatengo wakikutana. Siku ya kwanza kabisa alinitazama ninavyohangaika na pedeli akaniuliza, "Wewe ndiye wa wale wanaochimba mashimo mlimani wakidhani wanalima?" (alikuwa anazisema ngoro zetu, mashamba ya vishimo tuliyorithi kwa babu zetu, ambayo hata wageni wanatoka ng'ambo kuja kuyapiga picha), nami nikamjibu kwamba afadhali mchimba mashimo kuliko mjukuu wa wezi wa ng'ombe, na tangu saa hiyo tukawa ndugu. Hatukuwahi kusalimiana kama watu. Nikimpigia simu anapokea kwa kusema, "Hujafa tu, mchawi wewe?" nami namwambia sifi mpaka nikuzike nile wali wako. Mama yake alipofariki ni mimi niliyekwenda kulala kwenye kitanda cha marehemu nikakataa kushuka mpaka nipewe kitenge, watu wakacheka huku machozi yanawatoka, na Tekla aliniambia baadaye kwamba ndipo pumzi ilipomrudia. Utani kwetu ndio huo. Ni dawa, na mimi nilikuwa najiona daktari.

Tekla akaolewa Liuli, huko chini ziwani, na Mnyasa mmoja mpole mwenye mitumbwi na nyavu zake. Alipojifungua binti yao Faraja niliteremka kwenda kumwona mtoto, nikiwa na kanga pea moja na mtetea miguu imefungwa, nikaviweka mbele ya wote nikatangaza kwamba huyu mtoto ni mke wa mwanangu Alanus (Alanus alikuwa darasa la kwanza, meno ya mbele hana) na mahari yake ndiyo hii, asije mtu mwingine kubisha hodi. Tekla akasema kuku mwenyewe wa wizi. Basi ikawa hivyo miaka yote, Faraja ananiita mama mkwe, mimi namwita mkamwana, na kila nikifika nadai mke wa mwanangu au nirudishiwe kuku wangu. Alanus mwenyewe ameshaoa zamani, kamwoa binti wa Mbuji na wana watoto wawili, lakini utani hauna habari na mambo kama hayo.

Sasa mwaka juzi, mwezi wa kumi, kahawa imeshauzwa na mvua bado, kwaya yetu ikaalikwa kuimba huko Kyela, na mwalimu wa kwaya akasema kwa nini tupite barabarani kote tukimeza vumbi wakati meli ipo, tushuke Mbamba Bay tupande, tule raha kama watalii. Mimi hapo ndiye niliyepiga vigelegele vya kwanza. Nilikuwa sijawahi kupanda meli. Tulivaa sare wote ili tusipoteane, magauni ya bluu niliyoyashona mwenyewe, kola nyeupe, rozari shingoni, na meli ilipong'oa nanga tukaimba mpaka mabaharia wakaacha kazi kutusikiliza, na nilijisikia mtu wa maana sana. Wakatangaza kwamba Liuli tutasimama kushusha na kupakia mizigo, na mwenye shida ndogo anaweza kushuka, ila honi ikipiga asilaumu mtu.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Mama mmoja wa kwaya tuliyekaa naye akaniambia, "Mpigie simu rafiki yako aje ufukweni muonane." Simu ilikuwa mkononi, chaji ilikuwepo, mtandao ulikuwepo. Nikasema hapana, nitamshtukiza, mtani hapigi hodi. Yaani maneno hayo nilisema hivyohivyo, kwa majivuno, na mpaka leo yule mama akitaka kuniudhi ananirudishia.

Meli haikufika ufukweni, tulishushwa kwa boti, nikapandisha kanjia kale nikakazana, kwa Tekla si mbali, na njia nzima napanga matusi nitakayoanza nayo. Nikafika uani. Nawaambia ukweli, dalili zote zilikuwepo, kipofu angeziona. Baba Faraja alikuwa amekaa barazani amevaa koti, kwenye joto lile la mwezi wa kumi, mtu ambaye nimemzoea na singlendi na uzi wa kushonea nyavu. Mimi nikajisemea, masikini, ana homa. Pembeni palikuwa na mzee mmoja mwembamba na mama mmoja mnene mwenye gauni la gomesi lililopigwa pasi, mbele yao soda zimefunikwa kitambaa, na wote wamekaa kimya kile kimya cha watu wanaopimana maneno. Mimi nikajisemea, hawa ni wanunuzi wa samaki. Na pale kwenye nguzo alikuwa amefungwa mtetea mwekundu, mnene, ananitazama. Mimi nikajisemea, huyo hapo.

Nikaingia kwa sauti ya kanisani.

"Wezi wa nyumba hii mpo? Nimekuja kumchukua mke wa mwanangu. Mahari mmekula tangu mtoto ananyonya, mke simwoni. Leo ama mnanipa mtu wangu, ama mnarudisha kuku wangu."

Nikasubiri kicheko. Hakikuja. Tekla alitokea mlangoni ameshika sahani ya samaki wa kukaanga, mbasa wa ziwani, kajifunga kitenge kipya, akanitazama, kisha akasema kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Karibu, mama Alanus. Karibu ukae." Enyi watu, Tekla kuniita mimi mama Alanus. Pale pale ningepaswa kujua kwamba kuna jambo, lakini nikadhani ameleta mchezo mpya, anajifanya mstaarabu mbele ya wanunuzi wake, nikaona ngoja nimkomeshe.

Yule mama wa gomesi akaniuliza taratibu, kwa Kiswahili kizuri cha mtu aliyetoka mbali, "Samahani, mama. Unasema mahari mlitoa?"

Nikafurahi kweli. Nikajua nimepata mwenzangu anayejua kuchochea utani. Nikamjibu kwamba tulitoa, mashahidi wapo, na mwanangu ameshajenga nyumba ya bati, kila siku ananiuliza, mama, Faraja wangu analetwa lini.

"Na binti mwenyewe analijua hilo?" akauliza yule mzee.

"Analijua sana. Faraja, njoo. Mimi unaniita nani?"

Faraja alikuwa nyuma ya mama yake na birika la kunawia mikono. Mtoto aliyelelewa vizuri akiulizwa na mkubwa hujibu. Akainamisha kichwa akasema, "Mama mkwe." Halafu maji yakaanza kumwagika kutoka kwenye birika, na mimi nilicheka, jamani, nilicheka peke yangu, nikaenda pale kwenye nguzo nikamfungua yule kuku nikampachika kwapani nikasema basi kwa leo naanza na huyu.

Tekla akaweka sahani chini. Akanisogelea mpaka sikioni akasema, "Skola, hawa ni wakwe. Wamekuja kumposa Faraja."

Sijui kama mmewahi kusikia damu ikishuka miguuni. Baadaye nilipata habari yote: kijana ni mwalimu wa sekondari hapohapo Liuli, Projestus, kwao Bukoba huko, na hawa ni baba yake mdogo anayefanya kazi Kyela pamoja na shangazi yake, walifika na meli iliyotangulia, wakalala, na asubuhi ile ile kabla sijatokea walikuwa wameuliza swali ambalo kila mposaji huuliza, yaani huyu binti hana mtu mwingine? Na baba Faraja, mtu asiyejua hata kusema uongo wa samaki, alikuwa amewajibu kwamba hana, nawahakikishia hana. Soda zilifunikwa zikisubiri neno la mwisho. Na yule kuku alikuwa zawadi yao ya kuondokea.

Nikaanza kueleza. Nikasema jamani ule ulikuwa utani, mimi Mmatengo yeye Mngoni, sisi ni watani, mwanangu ana mke, ana watoto, hakuna mahari wala nini. Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, sina cha kumlaumu, kisha akasema, "Mama, na sisi tunao utani kwetu. Lakini neno la mahari halitaniwi." Shangazi akaitazama rozari yangu, akaitazama sare, akasema kama anajisemea mwenyewe, "Mtu wa kanisa kabisa." Nami nilitaka kusema zaidi, ulimi ulikuwa umeshaanza, ndipo honi ya meli ikalia.

Hapa ndipo mnaponicheka, najua. Mtu mwenye akili angeiacha meli iende. Angekaa pale, angempigia Alanus simu aongee, mkewe naye asikike, angewaita majirani waseme, angelala Liuli hata juma zima. Mimi niliposikia honi miguu ikaondoka yenyewe, kwa sababu mkoba wangu ulikuwa melini na nauli yangu ilikuwa melini na kwaya ilikuwa melini, na (nisiwafiche) kwa sababu nilitamani kutoka mbele ya macho ya Tekla. Nikakimbia. Nimefika chini kwenye mchanga, watu wananitazama, ndipo nikagundua kwamba kuku bado yuko kwapani.

Nikageuka nimrudishe, na nikawaona wale wageni wanateremka nyuma yangu na mabegi yao. Na wao walikuwa wanaondoka kwa meli hiyo hiyo.

Boti ile ya kutupeleka melini ni ndogo, mnakaa mnatazamana. Mimi upande huu, baba mdogo na shangazi upande ule, kuku katikati kwenye magoti yangu. Faraja alikuwa amewabebea mabegi, akaingia majini mpaka magotini kuyapakia, kitenge chake kipya kinalowa, na alipomaliza alishika ukingo wa boti akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama mkwe, waambie." Basi. Hakulia, hakunilaumu. Na kwamba aliniita hivyo hivyo hata saa ile, mbele ya walewale, ndiko kunakoniuma mpaka leo, kwa sababu alikuwa hajanifikiria vibaya bado. Nikamwambia, "Nitawaambia, mwanangu. Nenda kapumzike."

Tukafika melini. Wanakwaya wameegemea vyuma wananisubiri, mwalimu wa kwaya akaona kuku akauliza, "Mama Alanus, huyo kuku wa nini tena?" Na mimi (sijui ni pepo gani, labda ni mazoea, mtu ukishazoea kujibu kwa mzaha mdomo haukuombi ruhusa) nikamjibu bila kufikiri, "Mahari yangu nimerudishiwa." Wakaangua kicheko. Nikapita haraka kwenda kuwatafuta wale wawili, wala sikukumbuka tena nilichosema.

Niliwakuta upande wa kivuli wamekaa kwenye benchi. Nikapiga magoti, mimi mama mzima na wajukuu, nikawaamkia upya kwa heshima zote, nikaanza mwanzo kabisa, cherehani moja watu wawili, mashimo, ng'ombe, kitanda cha marehemu, kila kitu. Niliongea vizuri, siku hiyo ndiyo pekee niliyoongea vizuri. Nikaona uso wa baba mdogo unalegea. Hata akatabasamu pale kwenye kitenge cha msiba. Akauliza, "Kwa hiyo mahari hakuna." Nikasema hakuna. "Na kijana wako ana mke wa ndoa." Nikasema wa ndoa, wamefunga kanisani, gauni nilishona mimi. Akamtazama shangazi. Shangazi akauliza, "Basi huyu kuku?"

Nikasema huyu kuku ni wenu, mlikuwa mpewe ninyi, nimemchukua kwa makosa, mpokeeni. Nikamnyoosha mikono miwili. Na shangazi, Mungu ambariki, alianza kunyoosha mkono wake.

Wakati huohuo wanakwaya wakatokea kwenye kona. Kumi na kitu, sare za bluu, wameshapata wimbo, maana kwaya yetu haikosi wimbo, wamechukua ule tunaoimbia maharusi wakabadilisha maneno, wanapiga makofi wanacheza, "Mama Alanus karudishiwa, mahari yake karudishiwa, na kuku wake karudishiwa," na mwalimu wa kwaya mbele anaongoza, na vigelegele juu yake.

Mkono wa shangazi ukarudi kwenye mapaja. Akasema, "Hatupokei kuku wa mahari ya watu." Baba mdogo akasimama, akanisaidia kuinuka, mtu mwenye adabu yule, akasema, "Mama, nimekuelewa," nami nilijua kwa namna alivyolisema kwamba mlango umefungwa. Wakahama wakaenda kukaa mbele kabisa kwenye jua. Upepo wa mwera ukaanza kuvuma, meli ikaanza kuyumba, nami nikatapika mpaka Kyela, na wenzangu wakasema Mmatengo na ziwa wapi na wapi, nikawaacha waamini ni ziwa.

Nilifanya yote ya kufanya baada ya hapo. Alanus alimpigia simu baba mdogo, akajieleza, mkewe naye akajieleza, wakajibiwa vizuri kwamba sawa, tumewasikia. Tekla akaletewa ujumbe kwamba ukoo bado unatafakari. Ukatafakari mpaka mvua zikaja, ukatafakari mpaka mahindi yakabeba, na yule kijana, ambaye naambiwa alibishana sana na wazee wake, mwishowe akapata uhamisho wa kwenda huko kwao, akamuaga Faraja ufukweni palepale boti zinapopakia. Sijui waliambiana nini. Sikuthubutu kuuliza.

Barabara ilipokauka nilifunga kuku wangu, nikapanda basi la Mbamba Bay, nikafika Liuli kwa pikipiki. Safari hii nilipiga simu kabla, na nilipofika nilisimama nje nikapiga hodi mara tatu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Njia nzima nilikuwa nayaomba, nimwone Tekla akitoka na mwiko, aniite mchawi, mharibifu, mchimba mashimo, anifukuze mpaka ziwani, halafu tulie, halafu yaishe.

Tekla akatoka akanitolea kiti, akakipangusa kwa upindo wa kanga. "Karibu sana, mama Alanus. Habari za Matiri? Watoto hawajambo?" Akanipikia ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwani, akanipa maji ya kunawa kwa mikono miwili, akakaa nami mpaka nikamaliza. Faraja akaja, akapiga goti, "Shikamoo, mama." Mama tu. Nikaomba msamaha, nikaomba kwa baba, nikaomba kwa binti, wote wakasema yameisha, ni mipango ya Mungu. Nilipotoa kuku, Tekla akasema, "Kaa naye tu, mama. Utapata mayai."

Alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Nikajaribu. Nikamwambia, "Haya, mwizi wa ng'ombe, mimi naondoka, nisije nikaibiwa na viatu." Nililisema lote mpaka mwisho. Tekla akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kama anavyomshika mke wa mchungaji.

"Safari njema, mama Alanus. Utusalimie nyumbani."

Kwa hiyo mimi sasa hivi nikifika penye watu nakaa kwanza. Nasalimia, nauliza nani na nani, naangalia kama kuna mtu amevaa koti kwenye joto, na neno la mzaha nalitafuna mara mbili na mara nyingi nalimeza. Mwenye kutaniwa ni mmoja, wanaosikia ni wengi, na hilo hakuna aliyenifundisha ila yule mtetea. Honi ikilia safari nyingine, meli na iende.

Nampigia Tekla kila Jumapili baada ya misa. Anapokea mara moja, hajawahi kunikatia wala kunikwepa, ananiuliza hali, ananitakia heri. Nami kabla hajaongea, katika ile sekunde simu inapofunguka, huwa nafumba macho na kuomba aniulize kama bado sijafa.